Mtu Aliyechunguza Moto wa Angani

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watakatifu, za mapadri wa kwanza, na za Wakristu waliotutangulia katika imani. Leo nataka kuwaeleza habari za mtu ambaye hakuwa padri wala Mkatoliki. Jina lake ni Hannes Alfvén, mwenyeji wa nchi ya Uswidi, mtaalamu wa fizikia. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa hesabu ule moto wa angani ambao wataalamu huuita plazima. Labda mtaniuliza: Mwalimu wa dini anatafuta nini huko? Nitajibu: namtafuta jirani yangu. Maana hapa kwetu Masisi moto huo huua watu na ng'ombe, na ukisha kuua, ulimi wa binadamu huja kuua mara ya pili.

Kwanza tujue plazima ni kitu gani. Chukua jiwe moja la mvua ya mawe. Lipashe moto, litakuwa maji. Yachemshe maji, yatakuwa mvuke. Hayo watoto wa shule ya msingi wanayajua. Lakini mvuke ukizidi kupashwa moto mpaka kufikia maelfu ya digrii, chembe zake ndogo kabisa, yaani atomi, huvunjika. Vipande vyenye umeme viitwavyo elektroni hutengana na atomi zao na kukimbia huku na huku. Hapo si mvuke tena. Ni kitu cha namna ya nne: chang'aa, chapitisha umeme, na chatii nguvu ya sumaku. Mwaka 1928 Mmarekani Irving Langmuir alikipa jina la plazima.

Jua letu ni plazima. Nyota tunazoziona usiku ni plazima. Cheche ya fundi anayechomelea vyuma kule Goma ni plazima. Na radi ni hivyo hivyo. Mahali radi inapopita, hewa hupata joto la karibu digrii 30,000, yaani mara tano ya joto la uso wa jua. Moto wa Nyiragongo, ambao watu wa Goma huona mwanga wake usiku, si plazima. Ule ni mawe yaliyoyeyuka, na joto lake ni digrii elfu moja na kidogo tu. Linganisheni wenyewe, mtajua ukali wa radi.

Basi huyu Hannes Alfvén alizaliwa tarehe 30 Mei 1908 katika mji wa Norrköping. Baba na mama yake wote wawili walikuwa madaktari, na mama yake alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kufanya kazi hiyo katika Uswidi. Alipokuwa mtoto alipewa kitabu cha Mfaransa Camille Flammarion, kilichoeleza habari za nyota kwa lugha nyepesi. Shuleni akaingia chama cha wanafunzi waliopenda redio, akajiundia redio kwa mikono yake. Walioandika maisha yake husema kwamba kitabu kile na redio ile ndivyo vilivyomwonyesha njia. Wazazi mnaosoma habari hii, msidharau kitabu kimoja mkononi mwa mtoto.

Akasoma katika chuo kikuu cha Uppsala, na mwaka 1934 akapata shahada ya udaktari. Mwaka 1935 alimwoa Kerstin Erikson, wakajaliwa watoto watano. Mwaka 1940 akawa profesa katika Chuo cha Kifalme cha Ufundi mjini Stockholm.

Siku zile wataalamu wengi walidhani kwamba kati ya nyota na nyota hamna kitu, ni utupu tu. Alfvén akasema: La, mna plazima, ingawa ni nyembamba sana, na ndani yake zinapita nguvu za umeme na za sumaku. Mwaka 1937 aliandika kwamba hata lile kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo, tunaloliona usiku kama njia nyeupe angani, lina nguvu yake ya sumaku. Tena alishika neno moja maisha yake yote: kwamba sheria zinazotawala cheche ndani ya chupa ya maabara ndizo zinazotawala moto wa mbinguni. Hakuna sheria moja ya chini na nyingine ya juu. Neno hilo mliweke moyoni, kwa maana tutalihitaji mbele.

Mwaka 1942 alitoa habari fupi sana katika Nature, gazeti la wataalamu linalochapwa Uingereza. Alisema nini? Tuseme kwa mfano wa nanga, ile ala ya wazee wetu. Uzi wa nanga uliokazwa, ukiuguswa na kidole, hutetemeka, na mtetemo hukimbia toka upande huu mpaka upande wa pili. Alfvén alisema kwamba nguvu ya sumaku ndani ya plazima ina mistari iliyokazwa kama nyuzi hizo, na plazima imeshikamana nayo kama shanga zilizotungwa. Ukiitikisa, wimbi litakimbia juu ya mistari ile, iwe ndani ya jua au katikati ya nyota.

Wakuu wa elimu hawakukubali. Walijua tangu zamani kwamba wimbi la umeme likikuta kitu kinachopitisha umeme vizuri, hufa pale pale juu juu, haliingii ndani. Inasimuliwa kwamba walisema: Kama wimbi hilo lingekuwapo, wakubwa wetu wa zamani wangalikwisha kuligundua. Kwa muda wa miaka sita maneno yake hayakupata wasikilizaji. Halafu mwaka 1948 akaenda Marekani, akayaeleza katika chuo kikuu cha Chicago. Katika wasikilizaji alikuwamo Enrico Fermi, Mtaliani mwenye sifa kubwa katika mambo ya atomi. Fermi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema kwamba ndivyo hasa ilivyo. Husemwa kwamba kesho yake kila mtaalamu alikuwa akisema vivyo hivyo, kana kwamba alijua siku zote. Mwaka 1949 Stig Lundquist, Mswidi mwenzake, alilitafuta wimbi hilo ndani ya zebaki katika maabara, akaliona. Na mwaka 2007 wataalamu waliotumia chombo cha Wajapani kiitwacho Hinode, kinachozunguka juu angani, walitangaza kwamba wameyaona mawimbi hayo katika hewa ya jua lenyewe. Yanaitwa mawimbi ya Alfvén mpaka leo.

Si mara hiyo tu alipokataliwa. Mwaka 1939 aliandika juu ya ile mianga ya rangi inayocheza angani katika nchi za kaskazini wakati wa usiku. Gazeti moja la wataalamu huko Marekani likakataa kuchapa maandishi yake, akayachapa kwao Uswidi. Mwingereza Sydney Chapman, mkubwa wa elimu hiyo, alishindana naye kwa miaka mingi. Baadaye satelaiti zilipopanda juu ya dunia na kupima, zilionyesha kwamba umeme unapita angani kwa njia ya mistari ya sumaku, kama vile Alfvén alivyokuwa akisema, na kama Mnorwe Kristian Birkeland alivyosema kabla yake.

Mwaka 1970 alipewa tuzo ya Nobeli ya fizikia pamoja na Mfaransa Louis Néel. Wasomaji wa Kivu jina la Nobeli wanalijua, kwa kuwa mwaka 2018 Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alipata ile ya amani. Tuzo zote hizo zatoka katika urithi wa Mswidi mmoja, Alfred Nobel.

Hapa nawasikia wengine wakiuliza: Mtu huyu alisema nini juu ya Muumba? Nitajibu kweli. Mwaka 1931 padri mmoja Mbelgiji, Georges Lemaître, profesa wa Louvain, alieleza kwamba ulimwengu wote ulianza kutoka katika kitu kimoja kidogo kama atomi, ukaenea mpaka kuwa kama ulivyo. Alfvén hakukubali hata kidogo. Alisema kwamba wazo hilo lafanana na hadithi za zamani kuliko elimu, naye alishika msimamo huo mpaka kufa. Lakini vipimo vilivyopatikana tangu miaka ya 1964 na 1965 vimewaelekeza wataalamu wengi sana upande wa yule padri. Basi mtaalamu huyu, aliyesumbuliwa na wakubwa waliokataa maneno yake, naye alikataa maneno ya mwenzake.

Je, tumcheke? La. Padri Lemaître mwenyewe hakupenda watu waishike hesabu yake kuwa ndiyo ushuhuda wa imani. Alijua kwamba Mungu hategemei hesabu za mtu yeyote, hata za padri. Nasi tukumbuke fundisho la zamani la Kanisa, kwamba kila ukweli, asemaye ni nani, watoka kwa Mungu mmoja. Padri alisema kweli juu ya jambo lake, na Alfvén alisema kweli juu ya mawimbi yake. Tumshukuru Mungu kwa wote wawili.

Kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo lagusa Kongo. Alfvén alikuwa mmoja wa washauri wa serikali ya Uswidi katika mambo ya atomi. Kisha akaona hatari, akapinga, wakakosana, na mwaka 1967 akahamia California, akawa anagawa mwaka wake kati ya Marekani na Uswidi. Tangu 1970 hata 1975 alikuwa rais wa Pugwash, ule mkutano wa wataalamu wa nchi nyingi wanaotaka silaha za atomi ziondolewe. Sisi Wakongo tuna sababu ya kulisikiliza neno hilo. Bomu lililoanguka Hiroshima mwaka 1945 liliundwa kwa urani ambayo sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Mawe yalikuwa yetu. Elimu ilikuwa ya wengine. Na vifo vikawa vya watu wasiotujua. Alfvén alifariki tarehe 2 Aprili 1995 huko Djursholm, karibu na Stockholm, akiwa na umri wa miaka 86.

Sasa turudi kwetu. Barabara inayotoka Lushebere kwenda Goma yapita Sake. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza hesabu ya radi za dunia nzima, iliyokusanywa na chombo kimoja cha angani kwa muda wa miaka 16. Katika orodha yao, mahali pa kwanza ni ziwa la Maracaibo, nchi ya Venezuela. Pa pili ni Kabare, katika Kivu ya Kusini, umeme 205 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Pa tatu ni Kampene, katika Maniema. Na pa tano katika dunia yote ni Sake, katika Masisi yetu, umeme 143. Butembo ni ya tisa. Sababu ni nini? Hewa yenye maji mengi yatoka katika msitu mkubwa wa Kongo, yakuta milima yetu, yapanda juu kwa nguvu, na kuwa mawingu marefu. Ndani ya mawingu hayo chembe za barafu zasuguana na kugawana umeme, mpaka hewa yashindwa kuuzuia. Hakuna ajabu nyingine. Mahali penye mawingu mengi ya namna hiyo, radi ni nyingi.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Oktoba, radi ilipiga malisho kwenye kilima kimoja ninakofundisha dini. Ng'ombe saba walikufa chini ya mkaratusi mmoja. Kijana mchungaji, aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwao, alianguka, akaamka, akatembea. Jioni ile ile watu wakaanza kusema. Palikuwa na mama mjane ambaye wiki iliyotangulia aligombana na mwenye ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe waliingia katika maharage yake. Katika uchungu wake alisema kwamba Mungu anaona. Basi wakasema: Ndiye aliyeituma radi. Vijana walikwisha kushika fimbo, wengine wakitaja moto. Wazee wa jumuiya wakaniita.

Nilikuta watu wengi uwanjani. Mzee mmoja, mtu wa busara, aliniambia: "Mwalimu, sisi hatutaki kumwonea mtu. Lakini utueleze. Radi haina macho. Iliwezaje kuchagua ng'ombe na kumwacha mtu?"

Swali lake lilikuwa zuri, nalo lilitaka jibu zuri. Nikachukua kijiti, nikachora udongoni duara moja, na nyingine nje yake, na nyingine tena, kama jiwe likitupwa majini. Nikasema: "Mzee, radi ikipiga mti, umeme washuka katika ardhi na kuenea hivi. Karibu na mti nguvu ni nyingi. Kila ukienda mbali yapungua. Mnyama akisimama mguu mmoja mahali penye nguvu nyingi na mwingine mahali penye nguvu chache, umeme wapanda kwa mguu huu na kushuka kwa ule. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali mbali, na moyo uko katikati ya njia. Mtu aliyesimama miguu yake iko karibu karibu, na umeme ukipanda mguu mmoja na kushuka mwingine, haukutani na moyo. Ndiyo sababu ng'ombe walikufa na kijana akapona."

Mzee akaitazama ile michoro kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Basi radi inapima hatua."

"Ndiyo, Mzee. Inapima hatua. Ugomvi wa maharage haiujui."

Wengine walicheka, na kicheko hicho kilisaidia. Vijana wakaenda zao mmoja mmoja. Yule mama hakufukuzwa, wala nyumba yake haikuchomwa. Lakini sitawaficha: hata leo wako wanaopita mbali na mlango wake, na mchana wa mvua hawapendi watoto wao wakae karibu naye. Kumkinga mtu na fimbo ni kazi ya jioni moja. Kumkinga na hofu ya jirani ni kazi ya miaka.

Wakristu wenzangu, Bwana wetu alikwisha kufundisha jambo hili. Katika Injili ya Luka, watu walimletea habari za waliokufa, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akawakataza kudhani kwamba wale walikuwa na hatia kuliko wengine wa Yerusalemu. Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo huko Uganda, radi iliua watoto 18. Hesabu ni ile ile ya Siloamu. Nani atathubutu kusema kwamba watoto wale walikuwa na hatia, au kwamba kila mmoja alikuwa na adui wa kumtumia radi? Walikuwa ndani ya jengo lisilo na kinga, basi. Baadaye shule hiyo iliwekewa vyuma vya kukinga radi, na hilo ndilo jibu lililofaa.

Kwa hiyo elimu ya plazima ina amri zake ndogo, nazo si ngumu. Ukiona umeme, anza kuhesabu sekunde. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde moja, basi sekunde tatu ni kilometa moja. Ngurumo ikifika kabla hujamaliza 30, ingia ndani, ukae mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti. Usisimame kileleni, wala usiguse waya wa malisho. Nyumba kubwa iliyojengwa imara, yenye nyaya za umeme na mabomba ndani ya kuta, au gari la bati lililofungwa, hukinga zaidi. Nyumba ya majani na vibanda vya turubai, ambamo ndugu zetu waliokimbia vita wanalala, havikingi. Kwa hiyo wenye nafasi katika nyumba imara wawafungulie mlango mvua inapokuja, hasa watoto. Na mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Msiogope kumgusa. Moyo wake ukiwa umesimama, mbonyezeni kifua kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, wakati wengine wanatafuta msaada. Wako waliokufa kwa sababu tu walio karibu waliogopa kuwagusa.

Nanyi mnaojenga shule na makanisa juu ya vilima, wekeni chuma cha kukinga radi, chenye waya nene unaoshuka mpaka ardhini. Mtu asidhani kwamba ni kumkosea Mungu imani. Mwaka 1754 padri mmoja wa parokia, Prokop Diviš, alisimamisha mtambo wa namna hiyo kijijini Přímětice, katika nchi iitwayo leo Cheki. Ukame ulipokuja, wanakijiji wakasema kwamba chuma cha padri kimefukuza mvua, wakakibomoa. Mwaona kwamba hofu hii si ya Waafrika peke yao. Ni ya kila mahali ambapo watu hawajaelezwa.

Kwenu vijana nina neno la mwisho. Kila siku mawe ya Rubaya yanachukuliwa kwenda nchi za mbali, nayo yanaingia katika simu na mitambo ya watu wengine. Lakini radi bado iko hapa, nyingi kuliko karibu nchi zote za dunia, na wanaoihesabu wako mbali. Kwa nini asitoke Masisi mtoto atakayeichunguza? Alfvén alianza na kitabu kimoja na redio aliyojiundia. Ombeni vitabu. Shikeni hesabu. Msipokubaliwa mara ya kwanza, endeleeni kupima. Na siku mtakapojua, mwende kusimama uwanjani, mbele ya mlango wa mama mjane, mkaeleze kwa upole. Mungu aliyeupa umeme njia yake atupe sisi akili ya kuijua njia hiyo, na moyo wa kutomhesabia jirani kosa ambalo hakulitenda.